Lishe: Unaweza Kupika Haraka Bila Kumpunja Mtoto



Katika toleo hili tunazungumzia jambo linalogusa kila nyumba: chakula kinachopikwa nyumbani na chakula kinachonunuliwa tayari.

Tunajua kwamba wengi wenu hamna muda. Asubuhi kuna foleni ya maji. Siku ya mgao kuna foleni nyingine tangu alfajiri. Aliyepata kibarua cha kulima kwa wenyeji anaondoka kabla jua halijatoka na kurudi jioni. Mwingine anauza mboga sokoni, mwingine anatafuta kuni. Katika hali hiyo mama anamwachia mtoto mkubwa hela kidogo anunue mandazi, wadogo wanapewa chai ya sukari, na siku inapita.

Hatuandiki makala hii kumlaumu mama huyo. Mandazi yanapatikana karibu, hayahitaji kuni zako, na mtoto akila analala. Lakini ni vizuri ujue mandazi yanatoa nini na yanakosa nini, ili uchague vizuri siku ile ambayo huna nafasi ya kukaa jikoni.

Mandazi na chai vinampa mtoto nini?

Mandazi ni unga wa ngano, sukari na mafuta. Chai ni maji, majani na sukari. Vyote hivyo vinaleta nguvu ya haraka. Mtu mzima anayekwenda kulima anaweza kuanza siku navyo, kisha akala bugali na maharage jioni.

Mtoto mdogo ni tofauti. Tumbo la mtoto wa miezi 8 ni dogo, halibebi zaidi ya kikombe kimoja hivi kwa mara moja. Ukilijaza chai na mandazi, hakuna nafasi iliyobaki kwa chakula kinachojenga mwili, damu na akili. Isitoshe, chai inazuia madini ya chuma yaliyo katika chakula yasiingie vizuri mwilini, kwa hiyo inachangia upungufu wa damu. Mtoto anaonekana ameshiba, halii, lakini hakui.

Hali hiyo ikiendelea kwa miezi mingi, mtoto anadumaa. Anakuwa mfupi kuliko umri wake, anaugua mara kwa mara, na shuleni anachelewa kuelewa. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanywa Burundi mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba watoto 56 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Kipindi cha hatari zaidi ni tangu mimba hadi mtoto anapofikisha miaka 2. Baada ya hapo ni vigumu sana kurudisha kilichopotea.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama chakula ni cha nyumbani au cha kununua, jiuliza hivi: je, leo mtoto wangu mdogo amekula kitu chochote kinachojenga mwili?

Chakula cha haraka cha ziwa letu

Wengi wenu mnalifahamu Ziwa Tanganyika. Mwezi wa Januari 2018 maelfu ya watu wa Fizi walivuka kwa mashua na kushukia Rumonge na Nyanza-Lac. Wengine mmekulia Baraka au Uvira. Kambi za Bwagiriza, Kavumu, Musasa na Nyankanda ziko mbali na ziwa, lakini chakula cha mwambao kinazifikia nchi za milimani. Ndagala wakavu na mawese ya Rumonge husafirishwa hadi masoko ya mbali na pwani.

Ndagala ni chakula cha haraka kweli. Wamekwisha kaushwa, hawaozi upesi, na wanaiva kwa dakika chache. Tofauti na mandazi, ndagala wanajenga mwili. Ndagala waliokauka vizuri wana protini inayofikia karibu nusu ya uzito wao au zaidi. Kwa kuwa wanaliwa wazima pamoja na mifupa, wanatoa pia madini ya kuimarisha mifupa, pamoja na chuma na zinki. Kipande cha mukeke ni kitamu, lakini mfuko mdogo wa ndagala unatosha sufuria ya watu wengi.

Unaponunua ndagala, zingatia haya:

1. Chagua wenye rangi ya fedha inayong'aa, waliokauka hadi kuvunjika. Wenye rangi ya kahawia au harufu kali ya mafuta yaliyochacha wamekaa muda mrefu au walinyeshewa.

2. Uliza walivyokaushwa. Waliotandazwa mchangani wanabeba mchanga na uchafu wa kuku na mbuzi. Kwenye mwambao wa Burundi, shirika la FAO limesaidia wakaushaji kutumia vichanja vya wavu vilivyoinuliwa kutoka ardhini. Ndagala wa kwenye kichanja wanakuwa safi zaidi na unapoteza muda mchache kuwaosha.

3. Angalia mwezi. Wavuvi wa ndagala huvua usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hauvuti samaki vizuri na wengi hawaingii ziwani, hivyo ndagala hupungua na bei hupanda. Nunua siku za giza.

4. Weka akiba. Uvuvi wenyewe unaweza kusimamishwa kwa muda ili samaki wazaliane. Tanzania, kwa mfano, ilifunga uvuvi katika upande wake wa ziwa tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Ndagala wakavu wakiwekwa kwenye chombo chenye kifuniko, mahali pakavu, wanakusaidia siku za upungufu.

Mchuzi wa ndagala wa haraka (watu 5)

Chukua vikombe 2 vya ndagala wakavu, kitunguu 1, nyanya 3, vijiko 3 vya kulia vya mawese, fungu la lengalenga na chumvi kidogo.

Osha ndagala mara mbili au tatu kwa maji safi ya uvuguvugu mpaka mchanga uishe. Pasha mawese, weka kitunguu kisha nyanya. Zikilainika, tia ndagala na kikombe kimoja cha maji, ufunike. Baada ya dakika 10 weka lengalenga iliyooshwa na kukatwa. Acha dakika 5 nyingine, kisha epua. Mchuzi huu unaiva wakati maji ya bugali yanachemka kwenye jiko la pili. Kama una jiko moja, pika mchuzi kwanza, ufunike vizuri, halafu songa bugali.

Unga wa ndagala kwa mtoto

Hii ndiyo kazi ya mara moja inayokusaidia wiki nzima. Osha ndagala, wakaushe tena juani, kisha wakaange bila mafuta kwenye moto mdogo hadi wawe wakavu kabisa. Twanga kwenye kinu na uchunge kwa chujio laini ili miba isibaki. Hifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko.

Mtoto akishafikisha miezi 6, weka kijiko kimoja cha chai cha unga huo ndani ya uji wake unapokaribia kuiva. Akizoea, ongeza hadi kijiko kimoja cha kulia. Ongeza pia mawese kijiko kimoja cha chai. Hata dada yake wa miaka 10 anayebaki naye nyumbani anaweza kufanya hivyo, mradi mtu mzima amekwisha upika uji.

Mawese: usiyachome

Rumonge inajulikana Burundi nzima kwa michikichi yake. Rangi nyekundu ya mawese si uchafu. Ndiyo inayogeuka kuwa vitamini A mwilini, ambayo inalinda macho na kumsaidia mtoto kupigana na maradhi. Baadhi ya watu huyachoma mawese mpaka yawe meupe ili kuondoa harufu. Ukifanya hivyo unaiteketeza vitamini yenyewe na kubaki na mafuta tu. Yapashe kidogo, weka kitunguu, basi.

Mafuta ya mgao yanayoongezwa vitamini A ni mazuri pia. Usiyauze yote kununua sukari.

Maharage: acha maji na usiku vifanye kazi

Watu wengi wanaacha maharage kwa sababu yanakula kuni na muda. Fanya hivi:

Jioni, chambua maharage, osha na uyaloweke kwenye maji mengi hadi asubuhi. Mwaga maji hayo, weka mapya. Yachemshe kwa moto mkali yatokote angalau dakika 10, kwa sababu maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha, na moto mdogo hauiondoi. Endelea kuchemsha dakika 30 hivi. Kisha epua sufuria ikiwa inatokota, bila kufunua, uiweke ndani ya kikapu kilichojazwa majani makavu ya mgomba au nguo kuukuu, uifunike na blanketi. Maharage yataendelea kuiva kwa joto lake yenyewe huku wewe ukiwa kwenye foleni ya maji. Usiyaache humo zaidi ya saa 3. Ukirudi, yarudishe motoni yatokote tena mpaka yalainike, ndipo uweke kitunguu na mafuta.

Kwa njia hii unapunguza kuni, na sufuria moja inatosha mchana na jioni.

Haraka ambayo ni hatari

Zipo njia za mkato zinazosaidia, kama kuloweka na kutwanga mapema. Zipo nyingine zinazoleta ugonjwa. Hizi hapa ni za kuepuka.

*Muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha.* Waswahili husema haraka haraka haina baraka, na kwa muhogo ni kweli kabisa. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Kuuloweka siku 3 na zaidi mpaka ulainike, kisha kuuanika, kunaondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo. Huko Bandundu, wakati Kongo ikiitwa Zaire, barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilikuza biashara ya muhogo. Wauzaji walitaka kuwahi soko, wakapunguza kuloweka kutoka siku 3 hadi siku 1. Watu waliokula muhogo huo bila samaki wala maharage wakapata konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiopona. Jina lake ni la Kiyaka na maana yake ni miguu iliyofungwa. Ugonjwa huo ulionekana pia Tarime, Tanzania, wakati wa ukame wa mwaka 1985.

Kwa hiyo, ukinunua unga wa muhogo, nunua kwa mtu unayemjua anavyoutengeneza. Na usile bugali la muhogo na chumvi peke yake siku nyingi mfululizo. Protini ya ndagala na maharage inausaidia mwili kuiondoa sumu iliyobaki.

*Sombe isiyoiva.* Majani ya muhogo nayo yana sumu hiyo. Yatwange vizuri na yachemshe kwa muda mrefu bila kufunika sufuria. Siku usiyo na muda, pika lengalenga au matembele, ambayo yanaiva upesi.

*Kiporo kilichokaa.* Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 nje kwenye joto la mchana. Ukitaka kukila baadaye, kifunike, na kabla ya kula kipashe mpaka kitokote chote, si juu tu. Uji wa mtoto usiwekwe tangu asubuhi hadi jioni.

*Maji yasiyo safi.* Mwaka 1992 wataalamu walichunguza mlipuko wa kipindupindu uliotokea Rumonge. Walikuta kwamba waliokunywa maji ya ziwa na waliooga humo ndio waliokuwa hatarini zaidi. Ugonjwa huo haujaisha. Burundi ilitangaza mlipuko mwingine tarehe 1 Januari 2023. Kwa hiyo, unapokuwa na haraka usiruke hatua hii: nawa mikono kwa sabuni kabla ya kupika na kabla ya kumlisha mtoto, na tumia maji ya bomba la kambi au maji yaliyochemshwa.

Ukilazimika kununua, nunua hivi

Siku nyingine huna jinsi. Tunakushauri:

- Nunua kinachotoka kwenye mafuta ya moto mbele yako, siyo kilichopangwa tangu asubuhi kikitua nzi.
- Pamoja na mandazi, nunua yai la kuchemsha, ndizi mbivu, parachichi au karanga. Kimoja tu kati ya hivi kinabadilisha chakula cha mtoto. Karanga za mtoto chini ya miaka 5 zitwangwe, asije akapaliwa.
- Badala ya soda, mpe maji safi. Chupa ya soda ya sentilita 33 ina sukari karibu gramu 35, sawa na vijiko 8 hivi vya chai. Haina kitu kinachojenga mwili. Usiitie kamwe kwenye chupa ya kunyonyea.
- Vidonge vya mchuzi vya dukani ni chumvi kwa sehemu kubwa. Ukivitumia, usiongeze chumvi nyingine. Mwenye ugonjwa wa presha aviache.

Si kila kilicho kwenye pakiti ni kibaya. Unga wa mchanganyiko wa mahindi na soya unaotolewa kwa watoto na wajawazito umeongezwa vitamini na madini, na unaiva haraka. Karanga za pakiti zinazotolewa kituoni kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali ni dawa ya mtoto huyo. Hazigawanywi kwa ndugu zake na haziuzwi sokoni. Ukizigawa, aliyeandikiwa hatapona.

Siku moja ya nyumba yenye kazi nyingi

Jioni iliyotangulia: loweka maharage, osha vyombo, jaza maji.

Asubuhi: pika uji mzito wenye unga wa ndagala na mawese. Wote wanywe. Wakati huohuo yatokose maharage, kisha uyaweke kwenye kikapu.

Saa 4: mtoto mdogo apewe ndizi mbivu iliyopondwa au parachichi na anayebaki naye.

Mchana: maharage yanachemshwa tena na kuliwa na viazi vitamu au ndizi za kupika.

Jioni: bugali, mchuzi wa ndagala na lengalenga.

Anayenyonya aendelee kunyonya wakati wote. Mtoto wa chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama peke yake, bila maji wala chai. Wa miezi 6 hadi 8 ale mara 2 au 3 kwa siku. Wa miezi 9 hadi 23 ale mara 3 au 4, na kati yake apewe kitu kidogo mara moja au mbili.

Siku hii haiwezi kubebwa na mama peke yake. Baba anaweza kuchota maji, kuloweka maharage na kutwanga ndagala. Majirani wawili au watatu wanaweza kupika kwa zamu: leo mmoja anabaki na watoto na sufuria, wengine wanakwenda kibaruani, kesho wanabadilishana. Kuni zinapungua kwa wote, na mtoto anasimamiwa na mtu mzima.

Maswali yanayoulizwa mara nyingi

*Ndagala ni ghali, mandazi ni rahisi. Nitafanyaje?*
Fanya hesabu yako mwenyewe kwa siku 7. Kila jioni andika, au tenga kokoto, kwa kila hela iliyokwenda kwenye mandazi, soda na biskuti. Mwisho wa wiki linganisha na bei ya kikombe cha ndagala sokoni. Huna haja ya kuacha mandazi yote. Ukihamisha hata sehemu ya hela hiyo, mtoto mdogo anapata unga wake wa wiki.

*Mtoto wangu hapendi harufu ya ndagala.*
Anza na unga kidogo sana kwenye uji wenye ndizi iliyopondwa, na uongeze polepole. Mtoto anaweza kukataa chakula mara kadhaa kabla ya kukizoea. Usimlazimishe, wala usikate tamaa.

*Nitajuaje kama mtoto wangu amepungua?*
Mpeleke kwa mhudumu wa afya wa jamii apimwe mkono kwa utepe wa rangi. Kijani ni vizuri. Njano, yaani kati ya sentimita 11.5 na 12.5, inaonyesha ameanza kudhoofika. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, ni hatari, apelekwe kituoni siku hiyohiyo. Vilevile mpeleke haraka ukiona miguu imevimba, hataki kula kabisa, au anaharisha na kulegea.

Kumbuka

- Mandazi yanashibisha, lakini peke yake hayamkuzi mtoto.
- Ndagala, mawese mekundu na lengalenga ni chakula cha haraka na cha kujenga mwili.
- Loweka maharage jioni, twanga ndagala mara moja kwa wiki.
- Usipunguze siku za kuloweka muhogo, wala muda wa kuchemsha sombe na maharage.
- Nawa mikono kwa sabuni hata ukiwa na haraka.

Ukitaka kuonyeshwa namna ya kutengeneza unga wa ndagala au kikapu cha kuhifadhi joto, mwone mhudumu wa afya wa eneo lako. Na wewe uliyekwisha jifunza, mwonyeshe jirani yako.